Masila, Mama Mkwe na Lori la Ndung'u

Masila wa Kitheka hakuwahi kushika usukani maishani mwake, hata wa trekta, lakini kwa miaka mingi hakuna lori lililorudi nyuma katika mjengo wowote mkubwa wa Kitengela bila ruhusa yake. Madereva walikuwa na leseni, matajiri walikuwa na ramani, naye alikuwa na mikono miwili, firimbi, na fulana ya reflekta iliyopauka kwa jua mpaka huwezi kujua ilitoka dukani na rangi gani. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye haya za kuudhi. Ukimsifu, alitazama viatu vyake. Ukimtukana, alitazama viatu vivyo hivyo. Lakini mpe lori la mawe linalotaka kuingia kinyumenyume kati ya shimo la choo na ukuta mbichi, hapo ungemwona mtu mwingine kabisa, kifua mbele, shingo wima, mikono ikiamuru bila kuomba radhi.

Alifika Kitengela mwaka wa 1991 akitoka Mwala, Ukambani, muda mfupi baada ya kumwoa Evalyne. Kazi yake ya kwanza ilikuwa utaniboi, yaani utingo wa lori, kwa dereva mzee aliyeitwa Kitonga, mbebaji wa mawe ya machimbo. Kitonga alikuwa na ulimi mchungu kama mwarobaini, na sababu alikuwa nayo. Zamani aliwahi kurudi nyuma akampita juu taniboi wake mwenyewe, na hakusikia hata kishindo. Tangu siku hiyo hakulisogeza lori nyuma bila mtu wa kumwongoza kwa mikono, na mtu huyo alimfundisha kwa ukali.

"Ukiinua mikono yote juu, nimesimama," alimwambia Masila. "Ukiniita na viganja, narudi. Ukinyoosha mkono moja, nakata upande hiyo. Viganja zikikaribiana, najua nafasi inaisha. Nikikukosa kwa kioo, nasimama, hata tajiri apige kelele namna gani. Na wewe usiwahi nipatia mkono kama macho yako iko kwingine. Mkono bila macho ni muuaji. Umeskia?"

Masila alisikia. Akatazama viatu vyake, akasema ndiyo.

Kitengela nayo ikaanza kufura. Wamaasai waligawa malisho ya baba zao vipande vipande wakayauza, wanunuzi wakaja na kamba za kupimia, na mahali ambapo jana ulimwona twiga leo ulikuta ghorofa ya pili inasubiri zege. Malori yalikuja usiku na mchana. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa huko uliyashika magurudumu ukakataa kuyaachia. Jua likiwaka, vumbi lilifunika vioo mpaka dereva akawa kipofu mwenye injini. Kazi ya Masila ikawa dhahabu. Kitonga alipostaafu, madereva waliomfuata walimgombania taniboi wake. Dereva mmoja, Ndung'u, mtu mnene wa vicheko na matusi mepesi, alisema waziwazi kwamba yeye humwamini Masila kuliko breki zake, na ukiziona breki zenyewe utaelewa kwamba hakuwa anatia chumvi.

Basi huyo ndiye Masila wa kazini. Sasa sikilizeni habari ya Masila wa nyumbani, maana hapo ndipo shida ilipolala.

Kwa Wakamba kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni haya, ni heshima, na ni sheria. Mwanamume akishapeleka mbuzi wa posa, haangalii tena uso wa mama mkwe wake. Wakikutana njiani, kila mmoja anafunika uso na kutoka kando, huyu upande huu wa kichaka na yule upande ule, wanapishana kama watu wasiojuana. Hawali pamoja. Hawasalimiani kwa mkono. Akiwa na jambo zito la kumwambia, mkwe anakwenda kwake, na wanazungumza kukiwa na ukuta kati yao. Wahubiri walishasema mambo hayo yamepitwa na wakati, waumini wakaitikia amina, kisha wakatoka kanisani na kuendelea kukwepana. Mimi siwacheki. Mwacha mila ni mtumwa, na kuna ndoa nyingi ambazo zingepona kama mkwe na mama mkwe wangeonana mara chache zaidi.

Masila alikuwa bingwa wa nthoni. Mtu mwenye haya za asili ukimpa na haya za mila, umemaliza kazi. Tangu siku ya mbuzi wa posa hakuwa ameuona uso wa mama mkwe wake, Roda, hata mara moja. Alimjua kwa leso. Roda alikuwa na leso moja ya manjano yenye korosho pembeni, na Masila akiona pembe ya manjano kwa mbali, shingo yake ilijigeuza yenyewe.

Mambo yalikwenda vizuri hivyo mpaka ukame wa mwaka wa 2000. Roda alikuwa mjane, shamba la Mwala likawa vumbi, na mtoto wake wa pekee alikuwa Evalyne. Akaja Kitengela. Hakulala kwa mkwe wake hata siku moja, Mungu apishe mbali. Alipanga chumba plot ya jirani, na akaanza kutafuta pa kupikia. Alipopata kibanda cha mabati ndani ya mjengo mmoja wa maghorofa karibu na barabara ya Namanga, alishukuru sana, akapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe mpaka mafundi wakasahau chapati za kwingine. Siku ya pili ndipo alipogundua kwamba mwenye firimbi na reflekta pale getini ni mkwe wake.

Nani angehama? Kazi zilikuwa haba. Wakaamua, bila kuambiana neno, kukwepana papo hapo. Kibanda kilikuwa upande mmoja wa njia ya malori na mafundi walikuwa upande wa pili, kwa hiyo kila mchana Roda alivuka na sufuria, na kila mchana Masila aligeukia ukutani. Chakula chake mwenyewe alikitoa nyumbani. Kasaine, mlinzi wa geti, ambaye ardhi ile yenyewe iliwahi kuwa malisho ya ng'ombe wa baba yake, alikuwa akiwatazama na kutikisa kichwa.

"Hata kwetu kuna hiyo heshima," alimwambia Masila. "Lakini macho haina pazia, rafiki yangu. Siku moja utaangalia tu."

"Sitaangalia," Masila akasema.

Na kweli hakuangalia. Hapo ndipo palipoharibika.

Ilikuwa Jumatano ya upepo. Ndung'u alikuwa anarudisha tipa ya kokoto, injini inanguruma, vumbi limesimama wima. Masila alikuwa upande wa dereva, viganja vikiita, njoo, njoo, njoo. Roda akatoka kibandani na sufuria yake kichwani. Alimwona mkwe kabla ya kuliona lori, akafanya alivyofundishwa na mama yake: akavuta leso usoni, akatoka njiani akaenda kando. Masila naye akaona pembe ya manjano, akafanya alivyofundishwa: akageuza uso ukutani. Adabu kamili, pande zote mbili, bila dosari. Ila kando aliyokwenda Roda ilikuwa njia ya magurudumu, na Masila alikuwa ameuondoa uso akauacha mkono. Mkono ulibaki juu, kwenye kioo cha Ndung'u, ukiita njoo, njoo, njoo.

Kasaine ndiye aliyeona. Alikimbia kutoka getini akalipiga lori ubavuni kwa rungu, kwa nguvu zake zote, na Ndung'u akakanyaga zile breki zake, nazo, kwa rehema za Mungu, siku hiyo zikakubali. Lori lilisimama. Muthokoi ulikuwa umemwagika kila mahali. Roda alikuwa amekaa chini vumbini, mzima, hana hata mkwaruzo, lakini tairi la nyuma lilikuwa limekanyaga pindo la leso yake na hakuweza kuinuka. Mkono mmoja alishika ardhi. Mkono wa pili bado ulikuwa umeshikilia leso usoni.

Watu walipiga kelele, "Masila! Masila!" Alijua kutokana na zile kelele kilichokuwa nyuma yake. Alitaka kugeuka. Naamini alitaka kwa moyo wake wote. Shingo ilikataa. Alisimama vile vile, uso ukutani, machozi yakimtoka, mpaka mafundi wakalisogeza lori na kumwinua mama wa watu.

Nyapara wa pale, Nalianya, alikuwa mtu mwema lakini hofu ilikuwa imemgeuza mkali. Aliivua firimbi shingoni mwa Masila kwa mikono yake.

"Mimi sitaki kuzika mtu kwa hii mjengo," alisema. "Mambo yenu ya kufichana sijui, na sitaki kujua. Lakini nyinyi wawili hamuwezi kukaa mahali moja. Mtu moja ataondoka. Mpaka Jumamosi niko na jibu."

Masila akapewa jembe la kuchanganya saruji. Jioni alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Evalyne hakumpa maji wala kiti.

"Nani aliwaambia heshima ni kufa?" aliuliza. "Mwaitu, mama yangu mzazi, angekufa akiwa na adabu, sindio? Na wewe ungezika watu ukiwa umeangalia ukuta." Kisha akalia, na Masila akatazama viatu vyake. Kama angeondoka yeye, ile mikono iliyomfanya awe mtu ingeenda kubeba mchanga mahali ambapo hakuna anayeijua. Kama angeondoka Roda, angerudi kwenye shamba lisilo na hata mbigili ya kuchoma. Na kosa alijua ni la nani.

Alhamisi mchana Roda alimtuma Kasaine amwite mkwe wake. Masila akaja mpaka nyuma ya kibanda, akasimama akiyaelekea mabati. Ndani, mama mkwe alikuwa anachambua maharagwe. Sauti yake ilipita kwenye matundu ya misumari, kwa Kikamba cha polepole.

"Umeumia?" aliuliza Roda. Yeye ndiye aliyekuwa chini ya lori, na yeye ndiye aliyeuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja kusema mimi ndiye nitakayeondoka."

"Uende wapi?"

"Kajiado. Nasikia wanajenga."

"Na kosa ni la nani?"

"Langu. Kitonga aliniambia. Mkono bila macho."

Maharagwe yakaanguka kidogo kidogo kwenye ungo. "Mimi pia nina macho," akasema Roda. "Niliyafunika nikaingia chini ya gari. Wewe ulikuwa unaniheshimu na mimi nilikuwa nakuheshimu, na nusura tuzikane kwa heshima hiyo. Nilipoolewa, Masila, njia za kwetu zilikuwa za mbuzi. Mkwe akija, unaingia kichakani, kichaka kinakupokea. Hapa nimeingia kichakani nikakuta tairi."

Masila akakwangua kutu ya bati kwa ukucha.

"Ukiniangalia, utakufa?"

"Sijui, mama."

"Mimi pia sijui," akasema Roda. "Nenda ukale."

Jumamosi ikafika. Masila alikuja na reflekta ameikunja vizuri kwapani, tayari kuirudisha. Aliikuta tipa ya Ndung'u getini, na Nalianya mwenyewe yuko nyuma yake na firimbi mdomoni, anaiongoza. Ndung'u alirudi kidogo, akasimama. Akarudi kidogo, akasimama. Mwishowe alizima injini akatoa kichwa dirishani.

"Boss, mimi nakuheshimu sana," alisema, "lakini mikono yako inakaa za mtu anafukuza nyuki. Mimi sirudi nyuma mpaka nione mikono ya Masila."

Mafundi wakacheka, na Nalianya, ambaye hakutaka kucheka, akacheka pia. Nyuma ya lori kulikuwa na shimo la tangi la maji taka, na hakuna aliyetamani kujua kina chake. Nalianya alimwona Masila, akamrushia firimbi. "Gari moja tu," akasema. "Halafu mnipatie jibu yangu."

Masila akavaa reflekta. Akasimama mahali pake, viganja vikaanza kuita, na lori likaanza kuja kwa upole. Ndipo Roda alipotoka kibandani.

Safari hii alikuwa ameliona lori. Alitembea mpaka ukingoni mwa njia na sufuria yake kichwani, akasimama. Kwa mkono uliokuwa huru akaishika leso, ile ile ya manjano, bado ina alama nyeusi ya tairi pindoni, akaishusha mpaka mabegani. Akainua uso akamtazama mkwe wake, akangoja.

Wakamba waliokuwa pale juu ya jukwaa la mbao walitazama pembeni kwa aibu. Masila alihisi shingo inaanza safari yake ya kuelekea ukutani. Mkono wake ulikuwa juu, ukiita. Akasikia sauti ya Kitonga kama iko sikioni. Akaishika shingo yake, sijui kwa kitu gani, labda kwa imani tu, akaangalia.

Aliona mwanamke mzee kidogo, mwenye pengo la jino na kovu jembamba juu ya nyusi. Kidevu kilikuwa cha Evalyne. Macho yalikuwa ya Nzilani, binti yake mdogo. Miaka yote alikuwa akiishi na uso ule nyumbani kwake, vipande vipande, na hakuujua. Mikono yake yote miwili ikapanda juu. Lori likasimama papo hapo. Kisha, akimtazama machoni, akatoa kiganja kimoja kumwita mama mkwe wake avuke.

Roda alivuka. Hakuharakisha hata kidogo. Alipofika upande wa pili aligeuka na kumkuta mkwe bado amesimama na mikono juu, uso umelowa.

"Shusha mkono, mwanangu," alisema. "Nimeshavuka."

Nalianya hakuuliza tena nani ataondoka. Jibu alikuwa amelipata.

Msidhani sasa walianza kukaa benchi moja na kupeana hadithi. Heshima si utumwa, na hawakuitupa. Nje ya njia ya malori mambo yalibaki yalivyokuwa. Roda akija kumwona Evalyne, Masila alitoka kwa mlango wa nyuma. Wakikutana sokoni, leso ilipanda na shingo iligeuka. Walikuwa wamekata kipande kimoja tu cha nthoni, upana wa lori, na hapo tu, kwenye mjengo ule na mingine iliyoufuata, maana mikono na sufuria vilihama pamoja, walitazamana. Kila mchana aliinua mikono, lori likasimama, mama akavuka, na kila mchana akaambiwa neno lile lile. Shusha mkono, mwanangu. Nimeshavuka. Wazee fulani wa kwao walinung'unika. Kasaine aliwaambia waje wanung'unike wakiwa wamesimama nyuma ya tipa.

Roda aliugua mwaka wa 2008, ugonjwa wa kifua, na haukumchelewesha. Ndung'u, aliyekuwa sasa na lori lake mwenyewe, alisema mama yule alimlisha miaka yote na hatabebwa na gari lingine. Wakampeleka Mwala kumzika. Njia ya kufika bomani ni nyembamba, upande mmoja mwinuko wa mawe, upande wa pili korongo, na huko juu hakuna pa kugeuzia gari. Ilibidi lori liingie kinyumenyume na jeneza mbele ya macho ya watu wote.

Mkwe mahali pake katika mazishi ya mama mkwe ni mbali, penye ua, pamoja na wageni. Masila alikuwa huko, amevaa koti la kuazima, uso ameuelekeza kwenye michongoma. Ndung'u alifika mwanzo wa njia, akalitazama korongo, akazima injini. Alingoja tu.

Evalyne alimwendea mumewe. "Nenda umlete mwaitu," akasema.

Masila akatoka penye ua. Wazee walimwona, na hakuna aliyemzuia. Alikwenda akasimama nyuma ya lori, upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo, akainua viganja. Njoo. Ndung'u akaja. Kata huku. Ndung'u akakata. Gurudumu lilipita karibu na korongo mpaka wanawake wakafumba macho, lakini Masila hakufumba. Njia nzima alilitazama lile jeneza na ile leso ya manjano waliyolifunika nayo, hakugeuza uso hata mara moja.

Walipofika penye kaburi aliinua mikono yote miwili, na lori likasimama. Wanaume wakapanda kulishusha jeneza. Masila alibaki pale pale na mikono juu, akingoja, na hakukuwa tena na mtu wa kumwambia aishushe.